Pasi Imezima Kamera Zote

Sefina na watoto,

Pasi isichomekwe tena kwenye ekstensheni ya kamera! Pasi inakula umeme kuliko kamera zote nne. Itumieni kwenye soketi ya ukutani, peke yake.

Asubuhi hii waya umefuka moshi, kamera zote zikazimika, na papo hapo nguruwe wa jirani Faleafa akafunua majani yaliyofunika tanuri letu la mawe uani, akala magimbi yetu ya Jumapili. Na kamera nilizifunga kwa ajili yake, jamani!

Waya ulioungua msiuguse. Chemsheni ndizi badala ya magimbi.

Sefina, ~~nimekusamehe~~ tutaongea. Faleafa ataapa kanisani kwamba nguruwe wake hatoki zizini, nami sina hata picha moja.

Ila shati langu, mke wangu, limenyooka kweli.

Baba watoto