Kitenge cha Kilio cha Ephraïm

Yaya Nabintu, nakusalimu wewe na wote hapo Bukavu,

Huku Nateete tuko wazima, ni mvua tu inatusumbua. Safari ya Saiprasi iko tayari. Koti zito nimelipata sokoni.

Lakini kisiwa kile kimegawanywa kwa waya, na viza yangu ni ya kaskazini. Mdogo wetu Ephraïm amezikwa kusini. Hawataniruhusu kuvuka.

Nimeshonesha gauni la kitenge kile kile mlichovaa nyinyi kwenye kilio chake. Nitasimama nalo kwenye waya, nimwangalie upande wake. Mume wangu anasema huo ni wazimu. Nilimwambia aniletee pasi ya kunyooshea gauni.

Mama usimwambie habari ya waya. Mwambie nilimfikia.

Mdogo wako,
Reine