Ufunguo wa Pili

Bogotá, 7 Machi 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nina hofu.

Jana nilipanda mlima wa Patios kwa baiskeli na wenzangu, tukashindana. Kileleni nikajitenga, nikapima sukari, ikawa juu mno. Nikajidunga insulini, wakati wa kuteremka sukari ikaporomoka, nikaona barabara mbili. Daktari amenikemea. Anasema nguvu ya ghafla huamsha adrenalini, homoni ya hofu, ini likamwaga sukari, kisha hushuka yenyewe. Mwili wenye afya hupunguza insulini mazoezi yakianza. Yangu nikishaidunga, hairudi.

Hapa hakuna ajuaye ugonjwa wangu. Naogopa ofisini wasije wakasema karani mgonjwa hafai.

Mwanao,
Edilson

Monguí, 15 Machi 1994

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo mbovu, mdomo mzima. Mwoga wewe, tangu mdogo! Ng'ombe wangu Paloma akiumwa kwato, kijiji kizima kinajua, wewe unajificha. Mwambie mwenye nyumba wako, doña Rubiela, sukari ikishuka akutie halua ya mapera mdomoni. Nimekutumia ya kutosha.

Mama yako

Monguí, 2 Mei 1994

Edilson mwanangu,

U hali gani? Hujanijibu. Kila basi la Bogotá likifika nasimama pale, dereva anatikisa kichwa kabla sijauliza. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

Bogotá, 9 Mei 1994

Mama,

Shikamoo, na unisamehe.

Jumapili moja ya Aprili nilirudi kutoka mlimani, nikala, nikajinyoosha kitandani. Sikujua kwamba misuli huendelea kunywa sukari saa nyingi baada ya safari. Ikashuka usingizini, nikazinduka sakafuni Jumatatu, jua limejaa dirishani. Daktari anasema huenda homoni zilezile za hofu ndizo zilizoliamsha ini likanimwagia sukari. Uoga ulionitania nao ndio ulioniokoa.

Lakini Mama, muda wote ule hakuna aliyegonga. Kesho yake ofisini hawakuuliza nilikuwa wapi. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia.

Barua yako ya mwisho iliponifikia, nikashuka kwa doña Rubiela, nikamweleza yote. Akafoka: "Kumbe! Na mimi nikidhani ni mchoyo wa halua tu. Lete ufunguo wa pili wa chumba chako, kijana!"

Jana niliporudi kutoka mlimani, aligonga.

"U hai?"

"Nipo."

Akaenda zake. Nilibaki nimeukabili mlango ule muda mrefu, kana kwamba angegonga tena.

Mwanao,
Edilson