Ruhusa Nilipewa

Makwale, Kyela
14 Mei 2024

Tusajigwe mwanangu,

Ugonile? Mimi nahema, hiyo inatosha. Simu zako sipokei, kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi.

Bibi yako, mama yangu mimi, aliyekulea tangu unatambaa, tumemzika Alhamisi. Tulikungoja siku mbili. Watu wametoka Busale, wametoka Kasumulu, wengine wamevuka mto Songwe kutoka Malawi. Wewe hukuja! Asiyekuja kuzika unajua kwetu anavyohesabiwa. Wazee wa ukoo wamesema siku nikifa, hawatashika jembe kunichimbia.

Nimewaomba radhi. Wamekubali jambo moja: uje na barua ya bosi wako inayosema alikunyima ruhusa. Halafu uachane na mambo ya visima vya gesi. Shule ya hapa wanatafuta mwalimu wa sayansi. Mwalimu anaruhusiwa kwenda msibani.

Baba yako,
Angetile

Mtwara
19 Mei 2024

Tata,

Mugonile? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila moyo unauma. Nimelia mpaka wenzangu wakataka kunipeleka zahanati.

Barua hiyo sileti, kwa sababu ruhusa nilipewa. Bosi alisema nenda, tutabanana hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekataa. Kampuni yetu inawahudumia wachorongaji, na kazi yangu ni kusoma gesi inayopanda na matope kutoka chini. Ikizidi napiga kelele, wanafunga kisima. Tunaosoma ni wawili tu, na mwenzangu alikuwa hoi kwa malaria. Kule juu ya mtambo walikuwa watu thelathini, nao wana mama zao. Hiyo "hivyo hivyo" mimi siiwezi.

Kazi hii niliichagua mwenyewe, tata. Ualimu apewe anayeutaka. Wakisema sina utu, waseme.

Mapumziko yangu yanaanza tarehe mbili Juni, wiki nne. Nakuja.

Mwanao,
Tusajigwe

Makwale
24 Mei 2024

Tusajigwe,

Salamu nitazitafuta siku nyingine. Uliruhusiwa ukakataa, na unaniandikia kabisa! Basi tunga hiyo barua mwenyewe, mwenzako aisaini, nani atajua? La sivyo usikanyage hapa.

Angetile

Mtwara
29 Mei 2024

Tata, shikamoo.

Sidanganyi juu ya kaburi la bibi. Nafika Jumanne. Ukinifungia mlango nitalala jikoni kwake.

Binti yako, utake usitake,
Tusajigwe

Makwale
7 Julai 2024

Tusajigwe mwanangu,

Ugonile? Umefika salama kazini? Mguu wangu umepata nafuu. Mpunga wote umeingia ndani, ndaga fijo kwa mikono yako.

Nikwambie ukweli. Siku ya maziko watu walijaa mpaka barabarani. Ulipofika wewe, hapakuwa na hata mmoja wa kuniuliza nimekula nini. Ulivuna na mimi, ukanipikia, ukaniacha nilie bila kuniambia nyamaza. Na siku sita za mwanzo sikukusemesha! Naona aibu.

Bado naona ulikosea. Ungekuja kumzika. Hilo silifuti.

Lakini jana ukoo umekaa, na baba yako mkubwa Andongwisye akauliza tena barua ya bosi iko wapi. Nikasimama. Nikasema barua hakuna, binti yangu aliruhusiwa akakataa, alikuwa analinda roho za watu. Wakaguna. Nikawaambia, basi sikieni na hili: siku nikifa, zikeni, msimngojee Tusajigwe. Akiwa zamu, amalize zamu yake. Atakuja nyie mkishaondoka, na mimi hiyo inanitosha. Asiyetaka kushika jembe siku hiyo aliache kwake.

Andongwisye hajanisalimia tangu jana. Na asinisalimie.

Baba yako,
Angetile