Ukuta Haukuangushwa na Mungu

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha rangi,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na nyumba yako. Hali yako? Kile kifua kimetulia, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi pumzi tunayo, tunamshukuru Mungu.

Mama anaendelea. Mguu umefungwa plasta mpaka pajani, na ameanza kuilalamikia chai ya wodini, kwa hiyo najua atapona. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba ukuta wa kiwanda umemwangukia. Yaliyobaki niliyameza kwa sababu ulikuwa kazini.

Siku tatu vibarua walichimba mtaro chini ya ule ukuta mpaka msingi ukabaki wazi. Nikatoka na futi yangu shingoni, nikamwambia msimamizi wao, "Fundi, huu ukuta unainama." Akacheka mbele ya watu wake: "Mama, wewe shona suruali, ukuta niachie mimi." Siku ya nne, saa nne asubuhi, jua linawaka, ukuta wote ukaingia chumba changu cha cherehani. Mama alikuwa anashona vifungo.

Jioni afisa wa kiwanda akaja wodini, shati limepigwa pasi, daftari mkononi. "Poleni sana, mama." Nami, kama tulivyolelewa, nikaitikia: "Ahsante, baba. Yote ni mapenzi ya Mungu." Mdogo wangu, aliandika! Mimi napokea pole kwa adabu, kumbe natoa ushahidi.

Sasa wamepeleka barua ya Kiingereza kwenye kamati ya manispaa. Mwalimu jirani yetu amenisomea. Wanasema lilikuwa janga la asili, lisilo na mkono wa mtu, "kama alivyokiri jirani mwenyewe." Jirani huyo ndiye mimi. Kamati ikikubali, hakuna atakayeulizwa, na mguu wa Mama utakuwa umejivunja wenyewe. Wamemsingizia Mungu, tena kwa mdomo wangu! Hapo ndipo damu ilipochemka.

Nilimwendea mpiga chapa aniandikie majibu. Mwalimu alipoyasoma alitikisa kichwa: "Dada, humu ukuta umeanguka, mtaro umechimbwa, mtu ameumia. Aliyechimba yuko wapi?" Kumbe Kiingereza cha ofisini kinaweza kusimulia ubaya wote bila mwenye ubaya kuonekana hata kisigino.

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayekifundisha. Niandikie kwa Kiingereza hicho chao maneno kamili ya madhara yaliyoletwa na watu, yasiyo na mlango wa nyuma. Asili usiitaje, mvua haikunyesha. Wala usiseme ni kosa la kibinadamu. Kosa ni kupitiwa, na huyu alionywa akacheka. Anza na msimamizi: yeye ndiye aliyeamuru, watu wake wakachimba, ukuta ukamvunja Mama mguu. Na useme wazi kwamba neno langu la wodini lilikuwa jibu la pole.

Mama ananiambia, "Mwache, mwanangu." Nimemjibu nitamwacha akishasomewa. Nataka asimame pale mbele ya mabosi wake, sentensi moja baada ya nyingine, atafute pa kujificha akose. Kila siku namwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe, ila nimemwomba asiharakishe.

Nisalimie wifi yangu, na wanangu wote wawili. Waambie shangazi yao anawakumbuka na bibi yao anawaombea. Mjomba naye anakusalimu, anauliza kama umenenepa.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na aitie nguvu kalamu yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni.

Kamati inakaa tarehe 24. Tafadhali nijibu upesi.