Mafuta ya Taa

Malaba, Jumanne, Aprili 1974

Afadhali angenitukana. Mzee Emuria alinipokea leo kule Moding kwa kiti na chai, na kaburi la mke wake bado bichi pale nje.

Wiki iliyopita ng'ombe wake alikufa ghafla, damu ikimtoka puani. Mimi, daktari wa mifugo, nikamwambia ni kimeta, nyama hiyo inaua hata ikichemshwa, wamfukie bila kumpasua. Shimo lilichimbwa nikiwepo. Lakini mafuta ya taa ya kumwagia mzoga ili nyama isilike nilikuwa nimeyasahau ofisini, na nikaona aibu kusema. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Walimfukua ng'ombe kabla jua halijazama, wakala nyama.

"Daktari, kwa jirani ulimwaga mafuta," mzee aliniambia pole pole, bila kunilaumu. "Kwangu hukumwaga. Tukajua huyu wangu si mbaya sana."

Nilipaswa kumwambia ukweli pale pale. Nilimaliza chai, nikasema pole, nikashika njia.

Ile chupa ya mafuta niliyoisahau niliibeba hadi nyumbani jioni ile ile. Ndiyo inayowasha taa hii ninayoandikia.