Kidole mu Kaye ya Mulango

Kolwezi, 8/2/2025

Tata Antoine,

Jambo yako. Muguu inapona? Na mvua ya Likasi? Huku tuko wazima, njo vile.

Directeur amenipa kazi: kuandika historia ya orphelinat yetu, nyumba ya yatima, na masomo yake, juu ya jubilé ya miaka makumi saba. Anasema najua Kifaransa na Kiswahili, na kinywa yangu haina makelele. Wewe ulikuwa surveillant, mwangalizi wa batoto, hapa miaka mingi. Ilianza namna gani? Na mi, niandike nini? Ulinisemaga baba na mama balifia mu shimo ya madini ya Kasulo. Unakumbuka majina yao?

Mutoto wako,
Numbi

Likasi, 19/2/2025

Mwanangu Numbi,

Barua yako imenifurahisha. Muguu ni uzee tu. Bado unajificha nyuma ya mulango wageni bakikuya?

Andika: balianza batoto banaume tisa, balilala mu depo ya unga. Kila mumoja alishonewa namba ku bulangeti, mpaka leo. Ya kwako nilishona mimi mwenyewe. Juu yako andika "yatima", inatosha. Zile kaye za mulango, daftari za wageni, uache, panya ilishakula.

Tata yako,
Antoine

Kolwezi, 3/3/2025

Tata Antoine,

Jambo. Sijui kama niko muzima.

Panya haikukula kitu. Mu kaye ya mulango, kila ndugu akikuya anaandika jina yake na namba ya mutoto. Asiyejua kuandika anaweka kidole ya wino. Namba 41 ni mi. Bonane 2015, siku ya mwaka mupya, kidole. 2016, kidole. Mpaka 2019. Kando, mwandiko yako: "Ngalula, mama."

Kila Bonane ulinitumaga na kamioneti kuona barrage ya maji ya Nzilo. Benzangu balinichekaga: "Chouchou, mupendwa ya Antoine!" Mi nilifurahi. Sijaambia mutu hii: mu roho nilikuitaga papa, baba yangu.

Mama eko wapi?

Numbi

Likasi, 28/4/2025

Mwanangu,

Nisamehe kukawia. Baba yako njo alifia mu shimo, mama hapana. Kanuni ya nyumba: mwenye mama hapokelewi. Na kule Kasulo balichimba mpaka mu jikoni, batoto ya miaka yako balishuka mu mashimo. Mama yako alinipigia magoti. Nikaandika "yatima". Kila Bonane alisimama ku dirisha ya ofisi, akuone ukipanda kamioneti. Alisema inatosha.

Mwisho wa 2019 nilienda mu pension, nikaacha kazi. Sikuachia mutu neno. Niliogopa.

Tata yako

Kolwezi, 17/5/2025

Tata Antoine,

Nilimukuta mama Kasulo, anauzisha mihogo. Bonane 2020 alikuya, mulinzi mupya akafungua registre, kitabu ya majina ya batoto: "Mama, 41 ni yatima. Imeandikwa. Na mwenyewe anasema hana mama." Mama akafikiri mi njo nilimukana. Miaka tano alifikiri vile.

Nikamusomea historia yote ya jubilé, polepole. Ku ukurasa ya mwisho, pa namba 41, akaweka kidole ya wino.

Directeur amesoma. Amesema mwenye mama hapokelewi, nirudishe bulangeti.

Nimerudisha. Namba niliitoa kwanza na wembe. Iko ndani ya hii bahasha. Wewe njo uliishona, uichunge.

Numbi wa Ngalula