Nta Uvunguni mwa Tela

Jumatatu, 3 Novemba 1975
Leo tena niko uvunguni mwa tela, mgongo kwenye matope, nakwangua mbao zilizoanza kuoza. Tela langu. Nimeliunda mwenyewe kwa mbao na ekseli ya gari bovu, nipate pa kulala nikizungukia vijiji. Mimi bwana shamba, nimechoka kulala na mbuzi wa watu. Kasoro ni moja: maji yanapenya sakafuni. Safari ya Nyamahanga godoro lililowa, na mahindi ya mbegu yakaota ndani ya mfuko. Kijiji kizima kilicheka. Katibu wa kijiji hakucheka. Amesema Jumamosi trekta litalivuta kupita kijito hadi Runazi. Likiingia maji, mbao zinakuwa madawati ya shule. Nimemchukia.

Jumanne, 4 Novemba
Lami ya kuziba mbao hakuna. Oili chafu, dereva wa trekta kawagawia shemeji zake. Nikakumbuka nta. Nimekwenda kwa Mzee Bitaliho, mrina asali, nikampa shikamoo, nikaomba masega makavu. Kanipa debe zima. Hakuuliza ya nini. Sikumweleza. Nina cheti cha kilimo.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeyeyusha, nimepaka mara tatu. Nusu imenidondokea ndevuni. Mke wangu Speciosa kaibandua kwa kisu, huku akicheka mpaka kashika ukuta. Nimerusha ndoo ya maji uvunguni. Yameteleza yote. Mimi ni hodari.

Alhamisi, 6 Novemba
Nyuki wawili watatu wanazunguka tela. Wanajua kazi safi.

Ijumaa, 7 Novemba
Balaa. Saa nne asubuhi nyuki wameshuka kwa maelfu, wakajikusanya juu ya ekseli. Hawaondoki. Mzee Bitaliho alikuja, akaketi chini kwa kucheka. “Bwana shamba, sisi tunapaka nta kwenye mzinga ili nyuki wasikie harufu waje. Wewe wako umeutia magurudumu!”
Kila mtoto wa hapa analijua hilo. Chuoni tulifundishwa pamba na mahindi. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwomba awafukize. Kakataa katakata. Nyuki waliokuja wenyewe ni baraka, hawafukuzwi.

Jumamosi, 8 Novemba
Dereva kaona, kageuza trekta. Katibu akasema huo ni woga. Akainama na daftari lake, akague. Kaumwa mdomo wa juu. Sikujua mtu mwenye kitambi anaweza kukatiza shamba la mihogo kwa kasi ile.
Mchana kikao. Hakuna fundi aliyekubali kwenda kung'oa mbao za madawati. Katibu, mdomo umevimba, kaandika: tela ni mradi wa nyuki wa kijiji, lisisogezwe. Madawati hakuna. Safari hakuna. Nimecheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Wiki ijayo narudi kwa mbuzi.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua tangu tutoke kanisani. Nimefungua mlango wa tela polepole, nikaingia. Maji yanaruka kutoka ardhini upande wa mlangoni, ule uliokuwa ukilowa hata tela likisimama. Nimepapasa sakafu pembe zote. Kavu. Nimekaa tu. Nyuki wanavuma chini yangu.
Speciosa kaja na viazi vya moto. Kavua kandambili mlangoni, asichafue. Tangu niliunde hajawahi kuzivua.